Poi Ikiwa Wazi Mezani

Jumamosi, 17 Juni 2017

Tumefika Kauai, Hawaii. Miguu imevimba, masikio bado yanavuma ngurumo ya ndege. Mjukuu wangu Kiele alitaka kukaa dirishani, nikampisha. Nilimwambia mimi sina haja ya kuona tena. Uongo! Tangu povu la kwanza la ufukweni lilipoonekana, kidevu changu kilikuwa begani kwake.

Watu wa mapokezi hotelini walitutia mashada ya maua shingoni. Nikauliza maua haya yametoka wapi. Hapa hapa kisiwani, mama! Kwenye uzi wamesahau kilebo: Thailand. Kisha dada mmoja wa mapokezi akanifundisha kusema aloha, salamu ya kwetu. Taratibu, kipande kwa kipande, kama anayemlisha mtoto. A — lo — ha. Mimi, niliyezaliwa mwendo wa nusu saa tu kutoka kwenye dawati lake! Nikarudia kama mwanafunzi mwema. Kiele alilazimika kugeukia ukutani acheke.

Safari ni zawadi ya huyu mjukuu. Mwaka mzima amekusanya mishahara ya kazi za jioni ili anilete. Ana miaka kumi na tisa, mtoto wa Las Vegas, wa jangwani kabisa. Ananiita Tutu, jina la bibi kwetu, na hilo ndilo neno letu analolijua vizuri kuliko yote. Anataka kuona nilikotoka. Kesho tunakwenda Wainohia.

Bonde letu limekuwa bustani ya starehe, hilo nalijua. Kaka yangu Palani alinionya kwenye simu. Lahela, usije na moyo mwepesi. Nimekuja na moyo wa kawaida na vidonge vya presha.

Jumapili, 18 Juni

Nimechukizwa. Niandike kwa mpangilio, la sivyo nitaandika matusi.

Lango wameliweka pale ulipokuwa mshelisheli wa mama. Sasa kuna mwamba mkubwa, mweusi, wenye kuvu ya kijani. Nikaugonga kwa kifundo cha kidole. Mtupu! Plastiki. Na unaimba — ndani kuna spika.

Wenyeji wanalipa nusu bei. Msichana wa tiketi akaniita shangazi, kama vijana wa huku wanavyomwita kila mtu mzima, akaomba kitambulisho. Nikampa leseni yangu ya udereva ya Nevada. Akaitazama, akanitazama, akaitazama tena. Hakuniita shangazi mara ya pili. "Samahani, bibie. Hii ni bei ya wageni." Nyuma yangu alisimama kijana mwekundu kama kambakochi aliyechemshwa, amehamia kisiwani mwezi wa pili. Leseni yake ni ya Hawaii. Akalipa nusu, akanitakia matembezi mema.

Mfereji uliochimbwa na babu za babu zetu, jiwe juu ya jiwe, wa kupeleka maji mashambani, umepewa jina la Mto Mvivu. Watu wanaelea ndani yake juu ya maboya ya mpira, bia mkononi. Kasuku wa Brazili wamefungwa miguu kwenye vijiti na kuitwa sauti ya msitu wetu. Majogoo wa mwituni, ambao ndio wenye kisiwa hiki, wamefukuzwa wasiharibu picha. Unawasikia wanawika nje ya uzio kama watu waliofungiwa mlango wa nyumba yao.

Maporomoko yana ratiba. Sauti inahesabu kwenye spika, tano, nne, tatu, mtu fulani anabonyeza pampu, maji yanaporomoka. Bluu. Bluu ya dawa ya choo! Makofi. Kisha yanakatwa, yanadondoka matone mawili matatu, na mwamba unabaki unatoa jasho.

Nilivumilia yote hayo. Nilichoshindwa ni tope.

Kibao kinasema: Kutana na Gimbi. Wageni wanavishwa buti za kukodi, wanaingia kwenye kidimbwi, wanapiga mayowe, wanapigwa picha wakiwa wameinua gimbi lenye majani yake. Gimbi lile lile, mkono kwa mkono, kisha linachomekwa tena topeni limsubiri anayefuata. Halilimwi, haliliwi. Kijana mmoja akamrushia mwenzake kama mpira. Mwenzake akalikosa.

Nikakaa chini. Kiele akaniuliza kama jua limenipata.

Nikamwambia wamemwangusha kaka yetu. Nikamweleza, mtoto hajawahi kuambiwa: zamani za mwanzo, mtoto wa kwanza wa watu wetu alizaliwa hana uhai, wakamzika kando ya nyumba, na mahali pale likaota gimbi la kwanza. Wakamwita Haloa. Aliyezaliwa wa pili ndiye binadamu. Kwa hiyo gimbi ni kaka mkubwa na sisi ni wadogo zake. Yeye anatulisha, sisi tunamtunza. Kiele alilitazama gimbi lililoanguka. Halafu akasema, "Sasa kaka yetu anapigwa selfi." Akaniletea maji ya chupa. Maji Safi ya Bonde la Wainohia. Maandishi madogo ya nyuma: yamejazwa California. Miaka thelathini ya ukutubi, macho hayaachi kusoma chini kabisa ya ukurasa.

Tulipokuwa tunatoka ndipo tukamkuta Makaio, mtoto wa Palani. Shati la maua, redio kiunoni, kitambulisho kifuani kimeandikwa "Mack". Nilijua anafanya kazi hapa. Sikujua kwamba amekuwa mkubwa. Akapiga kelele, "Shangazi! Umelipa? Umelipa kuingia kwenu? Aibu gani unanitia!" Akainama, akaniwekea paji la uso kwenye paji, pua kwa pua, tukavuta pumzi pamoja kama inavyostahili.

Kitu cha kweli pekee nilichokiona leo. Tulipoachana, wageni wawili walikuwa wanatupiga picha. Wakapiga makofi.

Jumatatu, 19 Juni

Makaio ametupandisha kwa pikapu hadi juu kabisa ya bonde, bure, kwa barabara ya wafanyakazi. Uzio wa bustani unaishia kwenye mawe ya zamani. Ng'ambo ya mawe ni kwetu. Shamba moja la magimbi lenye maji yanayotembea, ukuta wa makaburi, mimea ya ti, ile ya kinga, aliyopanda mama kwenye kona nne. Na juu yake mdomo wa mfereji: mahali maji ya mto yanapoingia bondeni.

Harufu ile! Tope baridi, majani yaliyooza, mnanaa. Nilisimama kama mjinga. Palani bado analima hapa, na yuko karibu kufika themanini. Safu zimenyooka. Lakini upande wa chini, magugu yanamshinda. Safu mbili zimekwisha kumezwa.

Makaio hakuzunguka sana. Bustani inataka shamba hili. Wanataka maji yaingie kwao kwa nguvu kuanzia juu, waongeze maporomoko ya pili. Makaburi hawatayagusa, watayazungushia uzio mzuri wenye taa. (Taa!) Mama alituachia shamba mimi na Palani kwa pamoja, hivyo hakuna linalofanyika bila sisi wawili kukubali. Mkataba ni Ijumaa. Makaio atapewa nyumba ya vyumba vitatu upande wa barabara. Leo anaishi na mke na watoto watatu kwenye gereji ya mkwe wake.

Nikamuuliza baba yake anasemaje.

"Baba hasemi. Unamjua."

Nikamwambia mimi nasema hapana. Pale pale, miguu topeni.

Hakukasirika mara moja. Alikata jani kavu, akalikunja, akalitupa. Kisha akasema, na nayaandika maneno yake kama yalivyotoka: "Shangazi, nani anafyeka haya makaburi? Nani alimbeba Baba mgongoni siku goti lilipomkatalia hapa? Nyinyi wa Vegas mnakuja, mnalia, mnachukua udongo kwenye kikopo, mnapanda ndege. Mimi kesho asubuhi niko hapa tena."

Na kikopo kilikuwa kwenye mkoba wangu.

Tuliondoka kisiwani mwaka 1976, shamba la miwa lilipomwachisha kazi mume wangu na kodi ikapanda mara mbili. Tulisema miaka mitatu. Ndiyo, nilikuwa na sababu. Hata Makaio ana sababu. Hilo ndilo linalonichefua zaidi: bustani ile imejengwa kwa mahesabu mazuri hata mpwa wangu mwema ndiye mkono wake.

Jumanne, 20 Juni

Chakula cha jioni nyumbani kwa Palani. Nyumba ile ile ya mbao, bati jipya. Amekonda, mdomo umezama, mikono bado ni majembe. Tuligusana pua. Hakusema zaidi ya "Umechelewa kidogo," kana kwamba nilikwenda dukani.

Nguruwe ndani ya majani ya magimbi. Samaki mbichi na vitunguu. Wali na nyama ya kopo kwa ajili ya watoto wa Makaio. Na katikati, bakuli la mbao la mama, limejaa poi. Magimbi ya shamba letu, ameyachemsha na kuyatwanga mwenyewe, akayaacha siku mbili yachachuke kidogo. Nilichota kwa vidole viwili, nikaweka ulimini, na ikabidi nitazame dari.

Kiele akaonja, akakunja uso. "Tutu, hii ni gundi." Palani akacheka! Meno matatu. Akamwambia ipe siku tatu, utalamba bakuli.

Basi. Tukiwa katikati ya raha hiyo Makaio akaanza. Nyumba. Vyumba vitatu. Maporomoko ya pili. Anazungumza kwa upole, anamwangalia baba yake, ananiangalia mimi. "Kwa hiyo Ijumaa asubuhi meneja atakuja hapa hapa. Shangazi, hilo ni sawa, ee?"

Nikafungua mdomo. Nikaufunga.

Kwetu, bakuli la poi likiwa wazi mezani hakuna ugomvi. Hakuna kubishana, hakuna biashara chungu, hakuna neno la kumwumiza mtu. Haloa yuko mezani. Huwezi kugombana mbele ya kaka mkubwa. Baba alikuwa akitupiga kwa mwiko kwa ajili hiyo. Ukiwa na neno kali, unasubiri bakuli lifunikwe.

Nikasubiri. Niliona poi inapungua, nikahesabu kwamba sote tukimaliza kuchota, Palani atafunika. Lakini kila ilipofika nusu, Makaio aliinuka, akaongeza kutoka kwenye sufuria, akachanganya maji kidogo. "Kula, Shangazi. Mmekosa poi miaka mingi jangwani." Yeye mwenyewe alikuwa anakula wali! Hajachota hata mara moja.

Nikamtazama. Akatazama bakuli.

Anajua. Ameliacha wazi makusudi. Amemchukua kaka yetu, akamweka mezani kama mlinzi wa mlangoni, ili mimi nisiweze kufungua kinywa. Kule chini wageni wanamrusha kama mpira kwa sababu hawajui. Huyu anajua.

Kiele, njiani kurudi hotelini: kwa nini sikusema kitu? Nikamweleza. Alipiga usukani. "Basi si ungefunika tu!" Si rahisi. Bakuli ni la mwenye nyumba. Mgeni hafuniki. Na baada ya miaka yote hii, mimi ni nani mezani pa Palani?

Alhamisi, 22 Juni

Jana tulikaa ufukweni. Sina la kuandika juu ya jana, ila kwamba nilijaribu kusoma, nikasoma ukurasa mmoja mara nne.

Leo mchana tulialikwa na meneja wa bustani. Mkahawa wa ndani, meza za mbao bandia, ukungu unapulizwa kutoka kwenye mabomba kila baada ya muda ili wageni wajione wako msituni. Ukungu una harufu ya tangawizi ya sabuni. Meneja ni mzungu mwenye meno mengi, kijana wa kuweza kuwa mjukuu wangu, anasema "sisi wa Wainohia". Palani hakuja. Magoti, alisema Makaio.

Mbele ya kila sahani kuna kikombe kidogo cha plastiki. Ndani, kitu cha zambarau.

Kiele akanikaribia sikioni: ni poi ya unga, Tutu, nimeona maboksi jikoni. Ya unga haihesabiki! Gombana!

Nikachovya kidole. Kweli, unga na maji ya bomba, haina uchachu, haina chochote. Na hapo nikakwama, mwanamke wa miaka sabini na tatu, nikitafakari kikombe cha plastiki. Je, Haloa yumo ndani ya unga? Gimbi lilikuwa gimbi kabla halijasagwa. Lililimwa na mtu mahali fulani. Nani amenipa mimi mamlaka ya kusema hapa yumo, hapa hayumo? Meneja akaendelea kuzungumza. Nikakitazama kikombe. Nilinyamaza.

Ndipo Makaio akamwambia meneja jambo nililolisikia vizuri sana. Kwetu, alisema, mzee akinyamaza ndiyo amebariki. Ni utamaduni.

"Nzuri sana hiyo," akasema meneja. "Tuiweke kwenye kibao."

Nilitoka nje. Nilisimama karibu na pipa la taka. Makaio akanifuata. Nikamwambia wewe umelelewa na mama yangu. Yeye alikulisha poi kwa kidole chake.

Uso ukamshuka. Kwa dakika moja alikuwa yule mtoto wa zamani niliyemwona kwenye picha, kamasi na kaptura. Akasema kwa sauti ndogo, "Shangazi, gereji inavuja." Kisha redio ikalia kiunoni: maporomoko yamegoma, njoo. Akaondoka mbio.

Ijumaa, 23 Juni

Asubuhi, nyumbani kwa Palani. Naandika jikoni kwake, daftari gotini.

Nilimwomba Kiele anilete mapema. Tulimkuta Palani ameshatoka shambani, tope hadi magotini — magoti yale yale yaliyokuwa yanauma jana! Alikuwa ameketi kibarazani anatwanga. Nikachukua jiwe kutoka mkononi mwake. Hakukataa. Mikono yangu imesahau, mabega yanakumbuka. Nilitwanga, yeye akawa anageuza na kulowesha.

Kisha nikamuuliza. Unataka nini, kaka?

Aliulowesha mkono, akageuza poi mara mbili. Halafu akasema Makaio ni mtoto mzuri. Akasema tena. Akasema: "Siwezi kumwambia hapana. Mimi ndiye baba yake, na sijampa nyumba." Akafuta jiwe. "Na siwezi kusema ndiyo. Kila siku natia maji kwenye bakuli lile ili nisiseme chochote."

Kumbe! Si Makaio peke yake. Kaka yangu naye amekuwa anajificha nyuma ya bakuli, miezi yote hii. Nilidhani nitachukizwa. Sikuchukizwa. Nilimwona mzee aliyechoka.

Nikasema safu za chini zinahitaji mtu wa magugu. Nikasema Kiele anaweza kurudi peke yake kwa ndege ya Jumapili, na mimi nina pensheni na sina anayenisubiri jangwani ila mtungi wa maua. Nimesema! Sikuwa nimeipanga sentensi ile. Kiele, mlangoni, aliacha kutafuna. Chumba kinachonifaa mimi, nikasema, ni kile cha nyuma. Na Makaio na watoto wahamie huku, nyumba hii ina nafasi, tutabanana kama zamani. Haina vyumba vitatu. Haivuji.

Palani alibeba bakuli ndani, akaliweka mezani. Poi mpya, ya kijivu yenye kung'aa. Wazi.

Halafu akafungua kabati la mama, akapekua nyuma ya masufuria, akatoa kifuniko. Cha mbao, kimepasuka ukingoni, sijakiona tangu mazishi ya mama. Akakiweka mezani. Si juu ya bakuli. Upande wangu, karibu na mkono wangu wa kulia. Akakaa kitini kwake.

Nasikia pikapu inapanda. Na gari jingine nyuma yake, lisilo na kelele, jipya. Mlango mmoja. Mlango wa pili. Makaio anacheka na mtu uani, anamwambia avue viatu.

Nimelowesha kidole, nimezungusha ukingo wa ndani wa bakuli, nimesafisha vizuri kama mama alivyotufundisha, poi isikaukie pembeni. Kiele amesimama nyuma yangu, amenishika bega.

Nimefunika.

Makaio ameingia. Anatabasamu, meneja nyuma yake na soksi zake nyeupe. Ameona meza. Tabasamu limekaa usoni mahali pale pale, lakini macho yamemtoka.

"Baba," anasema, "mbona mmefunika? Hatujala bado."

Palani amevuta kiti, akakielekeza kwake. "Kaa, mwanangu," anasema. "Shangazi yako ana neno. Na mimi ninalo."